Umbali wa Kusindikizwa

Mji wangu naujua kwa visogo. Mwenye duka huwajua watu kwa nyuso, maana ndizo zinazomjia; utingo huwajua kwa sauti, maana ndizo zinazomtukana. Kazi ya msusi iko nyuma ya mtu. Zaidi ya nusu ya umri wangu nimesimama nyuma ya kigoda, pale karibu na mteremko wa feri upande wa Likoni, nikitazama visogo: chenye kovu la tetekuwanga, chenye kishimo kama kilichobonyezwa kwa kidole, chenye mikunjo ya shibe, chenye vinywele laini vya kifaranga ambavyo havishikiki hata kwa mafuta. Ndani ya feri, watu wakiwa wameelekea kisiwani na kukupa mgongo, mwingine huona umati. Mimi huona majina. Kisogo pekee nisichokijua ni changu.

Kwa hiyo nilipotangaza kwamba nahamia Nairobi, sikuwatangazia wageni. Na nilitangaza kwelikweli! Mimi Kaviha, mjane wa Mramba, mama wa mtoto mmoja aliyesoma akaota mabawa, si mtu wa kufunika neema kwa kawa. Kila aliyepita kibandani nilimwambia, "Nitazame vizuri, mwezi ujao nitakuwa mtu wa lifti." Kanisani nilisimama wakati wa matangazo. Sokoni niliwaarifu wauza nyanya kwamba nyanya za Nairobi hulazwa ndani ya jokofu kama maiti wa heshima. "Nyinyi bakini na kijiji chenu chenye chumvi," nikawaambia. "Mimi nimeitwa na mji mkubwa." Wakanicheka, nikawacheka. Umoja wa akina mama ukanichangia blanketi la manyoya lenye picha ya chui, wakanifunika nalo kichwani na kuniombea katika joto la Machi mpaka nikadhani nimeshikwa na homa.

Nilichokuwa nikikificha nyuma ya kicheko ni vidole vyangu. Baridi yabisi iliviingia polepole, kila kimoja kikaamua kwenda njia yake. Msusi asiyeweza kugawa nywele mafungu ni kama mhubiri aliyekaukiwa na sauti: watu watamheshimu, lakini hawatamngoja. Nimeyaonja ya dunia. Nimezika mume, nimevunjiwa kibanda nikakiona kikipakiwa kwenye lori, nimelala njaa nikamwambia mtoto kwamba nimefunga kwa maombi. Yote hayo niliyavuka kwa mdomo wangu huu. Ukiwahi kucheka, shida hukosa la kusema. Vidole lakini havichekeshwi. Mwanangu aliposema kwenye simu, "Mama, njoo ukae nami, chumba kipo," nilimjibu ndiyo kabla hajamaliza, kisha nikaanza kujigamba mtaani ili ile ndiyo isipate nafasi ya kunitazama machoni.

Akaja kunichukua mwenyewe. Lenox Tinga. Tinga ni jina la babu yake. Lenox nililisikia redioni nikalipenda kabla sijajua lina kazi gani. Kazi yake ni kutengeneza kompyuta za ofisi za watu, na mikono yake ni laini kama ya askofu. Aliondoka nyumbani mwaka ule wa barakoa, njia zilipofunguliwa tu, na watu bado wamekatazwa kukaribiana. Kila mtu alimpungia kutoka mlangoni pake kama picha ndani ya fremu. Hakusindikizwa hata na kuku.

Siku ya safari, baada ya chakula cha mchana tulichokila mapema, alisimama uani akiitazama simu yake.

"Nimeita teksi," akasema. "Tunapita Dongo Kundu. Barabara mpya, madaraja juu ya maji, mara tuko Miritini kwenye treni. Feri haina haja."

"Na watu?"

"Watu gani, mama?"

"Wa kutusindikiza."

Akacheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto aliyevaa viatu upande. "Mama, kuvuka feri, kuzunguka kisiwa kizima, Makupa, Changamwe, ndiyo ufike Miritini. Ya nini? Barabara ile imeufanya mji kuwa mdogo."

"Basi aliyeufanya mdogo na atuombe radhi. Mimi siondoki Likoni kwa mlango wa nyuma kama mke aliyeiba sufuria."

Akaifuta ile teksi. Si mtoto mbaya.

Kwetu mtu anayeondoka haachwi mlangoni. Unamtwaa mzigo, unatembea naye. Na wa kuukatisha mwendo si wewe unayesindikiza. Ni yeye atakayesimama, ageuke, aseme: "Basi, rudini hapa. Mmenifikisha." Ukigeuka kabla ya neno hilo, umemfukuza. Ndiyo adabu yenye ncha mbili: wao hawaruhusiwi kuchoka, nawe huruhusiwi kuwachosha. Kwa safari ya kawaida neno hutolewa kwenye kona ya kinyozi. Kwa safari kubwa, kwenye lango la feri. Sijasikia mtu aliyelivusha neno lile maji.

Wa kwanza kufika alikuwa Winfred, msusi mwenzangu, ambaye tumegombania vichwa vya Likoni tangu tukiwa wembamba sote wawili. Alikuja na leso kiunoni kama anayekwenda kupigana. Nyuma yake Wafula, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliyetoka Bungoma ujanani kuja kufanya kazi bandarini, na ambaye tangu hapo husema anarudi kwao mwezi ujao. Wakafuata akina mama wa kanisani, kila mmoja na kitu chake cha kubeba. Aliyekosa mzigo akabeba mwavuli wangu.

"Shikamoo, mama Winfred," Lenox akasema.

"Marahaba, baba. Umenenepa, alhamdulillahi. Kumbe huko kuna chakula?" Kisha akanigeukia. "Nawe jifunge sawasawa. Mjini kwenu ukianguka hakuna wa kukuokota, watakuruka kama dimbwi."

"Nitaangukia kwenye lifti. Polepole, kwa heshima."

"Mwenda tezi na omo, shoga," akasema akilitwika sanduku langu kichwani. Hakumalizia. Methali yenyewe sote tunaijua, na marejeo yake.

Tulipofika kona ya kinyozi nilisimama. Kundi zima likasimama. Niligeuka, nikafungua kinywa, na ulimi wangu, ulimi huu uliojibizana na askari wa jiji na mawifi, ukalala kama samaki mezani. Kinyozi alikuwa ameshusha mashine yake, anangoja. Hata mteja mwenye kichwa nusu alikuwa anangoja.

"Hapa kuna jua kali," nikasema. "Twendeni pale mbele kivulini."

Pale mbele hapakuwa na kivuli. Kulikuwa na lango la feri, na watu wamejazana nyuma yake wakingoja lifunguliwe. Winfred akashusha sanduku, akajipangusa uso kwa pembe ya leso, akakaa tayari. Niliona machozi yameshapangwa kwenye foleni.

"Haya," akasema.

"Haya nini?"

"Sema, tulie."

"Utalia vipi nao wanafungua lango? Utakanyagwa."

Na kweli likafunguliwa, na umati ukatusomba: mimi, sanduku, blanketi la chui, Wafula, akina mama na mwavuli. Tulipopata pa kusimama, feri ilikuwa imeshajing'oa na Likoni inarudi nyuma. Winfred akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu yake, akampigia dada yake wa Kisauni, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza mwandamo wa mwezi:

"Wallahi hajasema! Amevusha maji!"

Mbele yangu kulikuwa na visogo. Kimoja nilikijua kwa lile shimo dogo. "Josephine!" nikaita. Akageuka. Nilikuwa nimemsuka siku ya harusi yake, naye alilia mpaka nikamwambia ahifadhi machozi kwa mwaka wa pili.

"Mama Lenox! Na sanduku? Unakwenda wapi?"

"Nahamia Nairobi."

"Hata! Basi ngoja nikufikishe mbele kidogo." Akakishika kikapu changu kana kwamba hakuwa na safari yake mwenyewe. Nikaita kingine, na kingine. Kila kisogo kilichogeuka kikawa uso, kila uso ukashika kitu. Lenox alisimama kando, mkono kwenye chuma, akihesabiwa na macho ya watu waliomjua akiwa na kamasi.

"Mama, mbona hawarudi?" akanong'ona.

"Watarudi wapi, nasi tuko juu ya maji?"

Wafula, aliyekuwa amevaa blanketi langu mabegani kama chifu, akasema, "Mimi lakini tusidanganyane. Nairobi ni kubwa. Mji mkubwa ni ule ambao unaweza kumkwepa mkweo mwaka mzima. Hapa nikimkwepa sokoni, namkuta kwenye feri."

"Huo si udogo wa mji," Winfred akamjibu. "Ni ukubwa wa makosa yako."

"Mwulizeni Lenox basi. Ndiye anayekaa huko."

Lenox akatabasamu. Alizungumza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa: majengo yanayovunja shingo ukiyatazama, barabara iliyopanda juu ya barabara nyingine, taa zisizolala, watu wasiokuuliza unakwenda wapi. "Hapa," akasema, "kabla hujafika dukani umeshaulizwa na watu saba unaenda kununua nini. Kule uko huru. Unaweza kutembea siku nzima usikutane na mtu anayekujua. Ndiyo ukubwa wenyewe."

"Na ukipotea?" akauliza Josephine.

"Nina simu."

"Na ukipotea nayo?"

Watu wakacheka. Lenox naye akacheka, lakini kicheko chake kilifika mwisho mapema kuliko vya wengine. Akaegemea chuma karibu nami, akitazama meli ya makontena iliyokuwa ikiingia bandarini.

"Jengo letu lina milango mingi kuliko mtaa wetu mzima, mama," akasema, si kwa ajili ya kundi. "Jioni naingia, nafunga. Hakuna anayejua kama nimefika."

Alilisema kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Nikajua hapo kwamba chumba kile hakikuandaliwa kwa ajili ya vidole vyangu.

Hapo ndipo safari iliponilemea. Kumkatalia anayekuhurumia ni kazi rahisi, unamshukuru ukamrudishia huruma yake. Kumkatalia anayekuhitaji ni kujikata. Nilimtazama mwanangu mrefu, nikataka kumwambia twende, tena mbio. Papo hapo nikaona mikono yote ile imeshika vitu vyangu, nikataka kuwaambia watu wa feri waigeuze. Feri ikagusa ng'ambo.

Ng'ambo! Neno hilo tumelishiriki na watu wa kisiwani muda wote huu. Sisi tukiwaita wao ng'ambo tunamaanisha upande wa pili. Wao wakituita sisi ng'ambo wanamaanisha kwamba mji umekwisha, kinachobaki ni watu. Na hata sisi tumekubali. Mtu wa Kisauni akipanda gari kwenda kisiwani husema anakwenda mjini, mtu wa Changamwe vilevile, kana kwamba alikolala ni nje ya ramani. Lakini kila asubuhi mji huo hufunguliwa makufuli na nani? Nani huupikia, huufulia, huupakulia mizigo ya melini, huusuka siku za harusi zake? Jioni tukirudi makwetu, Mombasa huvuka nasi. Kisiwa hubaki na majumba. Nilikuwa sijawahi kuliwaza hivyo, na liliponijia nilikaa wima ndani ya tuktuk kama bibi harusi.

Maana sasa tulikuwa kwenye tuktuk, msururu wake, zikifuatana kama vifaranga. Hakuna aliyeulizwa kama anapanda. Habari ilikuwa imetutangulia. Dada yake Winfred alikuwa ameipeleka Kisauni, na Kisauni haijawahi kumeza habari peke yake. Tulipovuka Makupa na kuipata Changamwe, na harufu ya matangi ya mafuta ikatupokea, niliwaona wanawake wamesimama kando ya mzunguko wa barabara, wengine na aproni za kazini. "Ndiye huyo! Ndiye huyo!" mmoja akapaza sauti. "Mama, ni kweli hujawaambia warudi?"

"Bado!" akajibu Winfred kwa niaba yangu, kifua mbele.

Wakasimamisha tuktuk zao. Kila mmoja nilikuwa nimewahi kumpitishia kitana.

Lenox alikaa kando yangu, mikono juu ya magoti. Tulipofika Jomvu akauliza, "Nao wote hawa, wakifika, watafanya nini?"

"Hawatafanya kitu. Watakuwa wamefika."

Stesheni ya Miritini ni safi, pana, na inakutazama kama mwalimu mkuu. Mlinzi alitoka kibandani akatuona tukimiminika kutoka kwenye tuktuk, akarekebisha kofia.

"Wasafiri ni wangapi?"

"Wawili," akasema Winfred.

"Na hawa?"

"Sindikizo."

Mlinzi akakuna shavu. Alikuwa kijana wa pwani, lafudhi yake ya Kilifi. Hakuweza kujifanya kwamba hajaelewa. "Wasio na tiketi basi wasizidi mstari ule, mama zangu. Mizigo hapa chini, ipitiwe na mbwa."

Mbwa akapita kwenye masanduku ya watu kwa haraka ya mfanyakazi wa serikali, akafika kwenye langu, akakaa. Nilikuwa nimefungia ng'onda, samaki mkavu wa kutosha jengo zima. Akalinusa, akalizunguka, akaligusa kwa pua, hakutaka kusogea hata alipovutwa.

"Mnaona?" akasema Winfred. "Hata mbwa hataki aondoke."

Kicheko kikapanda mpaka kwenye paa. Kilipotua, hapakuwa tena na kona mbele yetu. Sanduku lilikuwa limeshapita kwenye mashine ya ukaguzi. Mlango ulikuwa wazi. Nilijua kazi yangu. Nikageuka.

Mimi mtu wa visogo sikuwa nimewahi kuziona nyuso zile zote kwa pamoja, zikinitazama. Josephine na kikapu. Wafula akitoka jasho chini ya chui. Wanawake wa aproni. Winfred na machozi yake, sasa wala hayakuwa tena kwenye foleni. Walisimama nyuma ya mstari wa mlinzi bila kuuzidi hata kidole, wakingoja niwape ruhusa ya kuniacha, na wala hakuna aliyeonekana kuitaka. Nikauliza moyoni, hivi umati huu ungetosha wapi? Kwenye lifti ipi?

Nikamtafuta Lenox. Yeye alikuwa ameshaanza kutangulia, tiketi mkononi, amenipa mgongo. Nikakiona kisogo chake. Aliyemnyoa huko anakokaa hakujua kwamba nywele za mwanangu pale shingoni huota kinyume, zinataka kufuatwa, si kukatwa tu. Alikuwa ameziacha zimesimama kama nyasi zilizopitiwa na gari. Kilikuwa kisogo cha mtu ambaye hajawahi kusindikizwa.

"Lenox."

Akageuka. "Twende, mama. Itatuacha."

"Umewaona watu hawa?"

"Nimewaona. Waambie basi warudi."

"Siwezi. Si mimi wa kuwaambia."

"Ni nani?"

"Ni wewe, baba. Mwaka ule ulipoondoka walibaki milangoni, wamekatazwa kutoka. Leo wametoka."

Hakunielewa. Nilimwona akinitazama mimi, kisha wao, kisha sanduku langu upande wa pili wa mashine. Nikaogopa, maana nilikuwa nimewafikisha hadi Miritini kwa jina langu na sasa nawabadilishia jina. Lakini Winfred hakuwahi katika maisha yake kuchelewa kuelewa.

"Kwani wewe ulidhani tumemfuata mama yako?" akasema kwa ukali wa furaha. "Mama yako huyu si tutamwona kesho kwenye feri? Mtu anayesafiri ni wewe!"

"Mimi hata sikuwa na habari kwamba mama ana safari," akasema Wafula, ndani ya blanketi langu.

Lenox akakasirika kwanza. Kidevu kikamcheza kama alipokuwa mdogo. "Mama, nimekuandalia chumba. Nimenunua kitanda. Nimepaka rangi."

"Kiache wazi. Nitakuja kukiwa na baridi, niione hiyo baridi, nikae mpaka unichoke, nipande lifti yako nikienda juu na chini bila sababu. Nitakuja mgeni, baba. Mtu asiye na pa kurudi si mgeni, ni mzigo."

"Na vidole vyako?"

Nilikuwa sijamwambia. Nilifikiri nimevificha. Nikavitazama kama vilivyonisengenya.

"Vidole vyake ni kumi," akasema Winfred. Sauti yake ilikuwa imeshuka, imeacha mzaha mlangoni. "Vyetu huwezi kuvihesabu. Nenda, baba."

Wafula akavua blanketi, akaja mpaka kwenye mstari, akamwekea Lenox begani. Chui akatazama juu. Mwanangu alisimama vile katika joto lile, shati la ofisi na manyoya, na Winfred tayari amechomoa simu.

"Haya, taja nambari yako. Polepole, na hawa nao waandike."

"Ya nini?"

"Ya kukuuliza kama umefika."

Simu zikatoka mifukoni, vikapuni, vifuani. Mwanangu akaitaja nambari yake, akaitaja tena kwa waliokosa, mara ya tatu alipofika katikati Josephine akaimalizia. Mlinzi akawa ametuletea sanduku langu bila kuombwa. Ndani, kipaza sauti kikaita abiria.

Sasa neno lilikuwa lake. Nilimwona analijua. Alisimama mlangoni, akageuka kama inavyotakiwa, miguu pamoja, akatutazama kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake, taratibu, kama mtu anayesoma. Akafungua kinywa. Kisha akatikisa kichwa, akainua mkono, akaingia na chui wake mgongoni. Hakulisema.

Tulisikia honi, na baadaye mngurumo wa vyuma ukienda bara mpaka ukamezwa na malori ya barabarani.

"Mama zangu," mlinzi akasema kwa adabu, "treni imeondoka. Rudini sasa."

"Wewe ni nani?" Winfred akamwuliza. "Kwani ni wewe tuliyekusindikiza?"

Kijana akacheka mpaka akashika kofia. Akatuonyesha ukuta mfupi nje ya geti, wenye kivuli cha kutosha. Tukatandika leso. Wafula akakalia sanduku langu, akauliza kama yule ng'onda ana safari nyingine. Mtu akapeleka neno barabarani, chai ikaja.

Simu yangu ikalia.

"Mama," akasema Lenox. Nyuma yake vyuma vilikuwa vinaongea. "Simu haikai kimya. Huyu ananiuliza nimefika, yule ananiuliza nimefika. Hata Mariakani hatujafika!"

"Wajibu kwa heshima, ni watu wazima."

Akacheka, na safari hii kicheko chake hakikuwahi kufika mwisho. Kilizama kwenye mwendo wa treni.

"Mmerudi?" akauliza.

"Umetuambia?"

Nikamsikia akivuta pumzi. Wakati huohuo nikahisi mikono kichwani pangu. Winfred alikuwa amesimama nyuma yangu, anakifungua kilemba changu, na vidole vyake vikaanza kugawa nywele mafungu, kwa uzoefu, bila kuuliza.

"Kisogo chako kina alama hapa," akasema. "Kama jani la mkwaju. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Kaa sawa, nikufuate nywele. Una haraka?"

Simu bado ilikuwa sikioni. Mwanangu yuko upande wa pili, anapumua, hajasema.

"Sina," nikamjibu. "Bado hatujaambiwa turudi."